Albamu mpya ya bendi yangu imeniumiza: nimezeeka mimi au wameharibu wao?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 54, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Mbagala. Bendi yangu sitaitaja kwa sababu nafahamiana na watu mle ndani. Nilianza kuipenda nikiwa na miaka 13 kupitia redio ya marehemu baba, na tangu nihamie Dar sikosi Jumapili zake ila nikiwa mgonjwa. Mwezi uliopita wametoa albamu baada ya miaka mingi ya kimya. Nilinunua flashi palepale mlangoni kwa shilingi elfu kumi, nikaisikiliza kwenye gari wakati narudi, kesho yake nikarudia kwenye simu. Mwalimu, nilitaka kulia. Tarumbeta zimepigwa kwa kinanda. Nyimbo ni fupi, ukianza kunogewa imekwisha. Katikati kuna kijana anarapu. Mwimbaji niliyempenda alifariki, mpiga solo alihama, na waliobaki naona kama bendi nyingine iliyoazima jina. Mke wangu anasema nimezeeka. Je, nimezeeka mimi au wameharibu wao? Kiongozi wa bendi namfahamu. Nimwambie ukweli au ninyamaze? Tangu siku hiyo hata ukumbini sijakanyaga."

Marahaba, mdogo wangu. Usione haya kusema ulitaka kulia. Mtu aliyefuata bendi moja miaka arobaini ana mambo mengi mle ndani: redio ya baba yake, rafiki aliokuwa akienda nao dansini na wengine wameshatangulia, ujana wake wote. Albamu ikimwangusha mtu kama huyo, kinachouma si elfu kumi ya flashi.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili. Moja ni kwamba umechakaa, huwezi tena kupokea kitu kipya. Ya pili ni kwamba watu uliowaamini wamekugeuka. Niseme mapema kwamba yote mawili siyakubali jinsi yalivyo. Nimepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi miaka kumi na minane, na baada ya hapo kazi yangu imekuwa kupanga muziki na kukaa studio na bendi zinazorekodi. Kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za kioo, naweza kukwambia kwamba wimbo wa siku zile na wimbo wa leo hupikwa kwa utaratibu uliopinduliwa, wa mwanzo umekuwa mwisho. Hapo ndipo lilipo jibu lako kubwa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Zamani wimbo ulianzia mazoezini, mchana, klabu ikiwa tupu na viti vimepinduliwa juu ya meza. Mtunzi alikuja na maneno na sauti kichwani, mara nyingi hana hata chombo mkononi. Mpiga ridhimu alimtafutia njia, besi akamjibu, waimbaji wakagawana sauti, watu wa kupuliza wakajitenga pembeni kutafuta mahali pa kuingilia. Wiki hiyohiyo wimbo ulipelekwa ukumbini ukiwa mbichi. Ukumbini ndiko ulikokuwa ukihaririwa kwa ukali kuliko mahali pengine popote, na wahariri walikuwa wachezaji wenyewe. Beti zikizidi, watu walirudi mezani. Chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, ikichelewa, waliita wahudumu. Kipande cha solo kikiwashika, mpigaji alikirudia mara nane, na Jumapili iliyofuata kilikuwa kimeshakuwa sehemu ya wimbo. Baada ya miezi miwili mitatu ya kupigwa na kunyolewa hivyo ndipo bendi ilipokwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi.

Studio ile ya redio ndiyo iliyokuwa mlango wa karibu bendi zote za nchi. Santuri zetu zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba sana. Kwa hiyo nyimbo nyingi ulizozisikia kwenye redio ya baba yako zilirekodiwa ili zipigwe hewani tu, hazikuwa sehemu ya albamu yoyote. Siku yangu ya kwanza mle ndani naikumbuka hadi harufu ya zulia. Chumba kimoja, sote tumo, maikrofoni za kuhesabu, fundi mitambo nyuma ya kioo ameinua mkono. Kinachoingia kwenye mkanda ndicho hicho, hakuna kutenganisha gitaa na sauti baadaye. Mpuliza saksafoni wetu aliteleza karibu kabisa na mwisho wa wimbo wa dakika nane. Hakuna aliyemsema. Tulifuta jasho, tukarudi mwanzo, na safari ya pili ikawa nzuri kuliko ya kwanza. Tuliweza kwa sababu hatukwenda kuutafuta wimbo studio. Ulikuwa umeshakaa mwilini.

Sasa tazama inavyokwenda leo, na sisemi kwa kubeza, maana ndiyo kazi inayonilisha. Prodyuza anatengeneza mapigo ya ngoma kwenye kompyuta, kasi imefungwa tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Mpiga besi anakuja Jumatatu. Mpiga gitaa anakuja Alhamisi, akitoka kazini. Waimbaji huingiza sauti wanapopata nafasi, na kiitikio kilichoimbwa mara moja hunakiliwa mara tano. Sauti iliyopinda hunyooshwa. Nimeshuhudia albamu ambayo mpiga tumba na mpiga solo hawakuonana hata siku moja wakati wa kurekodi. Albamu ikitoka, ndipo bendi inapoanza mazoezi ya kuzipiga nyimbo hizo jukwaani.

Kwa hiyo rekodi uliyoizoea tangu utoto ilikuwa wimbo uliokwisha kuchezwa, na flashi uliyonunua ina nyimbo ambazo hazijachezwa na mtu. Umeweka sahani mbili mezani, moja ya wali ulioiva na nyingine ya mchele uliooshwa vizuri, halafu umejilaumu kwamba ulimi wako umeharibika. Ulimi wako ni mzima.

Hata zile dosari ulizotaja zina maelezo, na karibu zote umezisikia sawasawa. Chukua tarumbeta. Mpulizaji anapuliza kwa pumzi, kwa hiyo sentensi yake ya muziki huishia pale pumzi inapoishia, na kabla ya kuingia tena kuna upenyo mdogo ambao mwimbaji hupitia. Tarumbeta mbili zikipigwa pamoja hazilingani kabisa, kuna nywele moja kati yao, na nywele hiyo ndiyo inayofanya sauti iwe nene. Kinanda hakina mapafu. Kila ukibonyeza kinatoa tarumbeta ileile, inaanza kwa nguvu ileile, haichoki. Ubongo wako umesikia tarumbeta mia miaka yote hiyo na umegundua udanganyifu bila kuambiwa na mtu. Sababu ya kufanya hivyo, ninavyoijua mimi, ni njaa. Wapulizaji watatu ni mishahara mitatu na nauli tatu usiku wa manane, wakati mwenye ukumbi analipa bendi kwa kuhesabu watu mlangoni. Kiongozi anayebaki na kinanda kimoja mara nyingi alilia kabla yako.

Kasi nayo. Tukipiga pamoja chumbani, tukifika kwenye chemko tunakimbia kidogo. Hakuna anayeamua. Mpiga dramu anainuka kitini kidogo, tumba inamfuata, na wimbo unasogea mbele kama gari lililopata mteremko. Mguu wako unaijua hali hiyo. Kasi iliyofungwa haina mteremko, na msikilizaji anabaki akisema "wimbo hauna uhai" bila kujua amekosa nini. Na hapa niwatetee mafundi: kompyuta inaweza kabisa kupangwa iongeze kasi pale panapotakiwa, na inaweza kurekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mashine haijamkataza mtu. Ni haraka ya kazi na bei ya saa za studio.

Lipo jingine ambalo hukulitaja lakini nadhani limekuchosha bila wewe kujua. Wakati wa kumalizia, sauti za albamu nyingi siku hizi hubanwa ili wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani yake redioni. Kubana maana yake ni hii: pale palipokuwa na sauti ndogo panainuliwa, pale palipokuwa na kishindo panakatwa kichwa, vyote vinakuwa kimo kimoja. Gitaa la dansi linaishi kwa kupanda na kushuka, linanong'ona chini ya ubeti halafu linajitokeza. Likibanwa linakuwa kama mtu anayezungumza kwa kupaza sauti muda wote, na sikio huchoka dakika ya kumi. Si tatizo letu peke yetu. Mwaka 2008 Metallica, bendi kubwa ya Marekani, walitoa albamu ya Death Magnetic iliyobanwa kiasi hicho. Nyimbo zilezile zilikuwamo kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zikiwa hazijabanwa hivyo, mashabiki wakalinganisha, wakasikia tofauti, na maelfu wakatia saini kuomba albamu ichanganywe upya. Walikuwa wanaipenda bendi ile kama wewe unavyoipenda yako.

Kuhusu kijana anayerapu, hapo tutatofautiana kidogo. Dansi letu halijawahi kuwa maji ya kisima kimoja. Tumba tunazoziita zetu na ile rumba tulizipata kwenye santuri za Kuba, sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, tukaazima Kongo, na wanamuziki wenyewe kutoka huko, enzi ikiitwa Zaire, walikuja Dar wakaweka maskani, bendi ya Maquis ikiwa mfano mkubwa. Sikinde na Msondo, majina ambayo bendi zetu kubwa za Dar zinajulikana kwayo, ni ya ngoma za Wazaramo. Kila kilichoongezwa kilikuwa kigeni siku ya kwanza. Swali langu kwa rapa si kwa nini yupo. Namuuliza kama ameingia mahali wimbo ulipomhitaji, au amepachikwa ili redio ya vijana iupige. Msikilize tena ukiwa na swali hilo, halafu uamue.

Nije kwenye sentensi yako iliyonigusa kuliko zote, kwamba waliobaki ni kama bendi nyingine iliyoazima jina. Kwa sikio la mwanamuziki, hiyo ni karibu kweli kabisa, na haina fedheha ndani yake. Jina la bendi ni kibao kilichotundikwa mlangoni. Sauti ya bendi ni mikono na makoo ya watu fulani. Mwaka 1978 Simba Wanyika, bendi iliyoanzishwa na ndugu wa Kinyonga kutoka huko kwenu Tanga, ilipasuka Nairobi. Akina Wilson na George Kinyonga walibaki na jina. Omar Shabani aliyepiga ridhimu na Tom Malanga wa besi wakaenda kuunda Les Wanyika, na haikuchukua muda wakatoa Sina Makosa. Usikilize wimbo huo kwa makini ile ridhimu inavyoushika tangu mwanzo. Shabiki aliyebaki amekaa mbele ya kibao cha zamani akilalamika kwamba kitu fulani kimepungua alikuwa na haki, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kimehama nyumba na kilikuwa kinapigwa mtaa wa pili.

Hapa Dar vivyo hivyo. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978 na wanamuziki waliokuwa wamekwisha kupikika kwingine, mwimbaji Muhidini Gurumo akiwa ametokea mbali tangu bendi ya NUTA Jazz, ambayo ni ya 1964. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa wakaondoka kwenda bendi ya Orchestra Safari Sound, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Nilikuwa kijana wa bendi ndogo wakati huo, na nakwambia vijiwe vilikuwa msiba mtupu. Watu waliapa kwamba Sikinde imekufa. Sikinde haikufa, ilijipanga upya, na mji ukapata bendi mbili za kwenda kusikiliza badala ya moja. Lakini haikuwa ileile, na waliosema haikuwa ileile hawakuwa waongo.

Wewe umempoteza mwimbaji kwa kifo na mpiga solo kwa kuhama. Sehemu ya uliyoyahisi ndani ya gari usiku ule haikuhusu albamu. Ulikuwa unamsikia marehemu kwa kutokuwepo kwake. Wakati mwimbaji yule alipofariki, bendi bado ilikuwa na nyimbo zake za zamani za kukufariji Jumapili. Albamu mpya ni mara yako ya kwanza kukaa na bendi ambayo yeye hayumo kabisa. Mpe msiba huo jina lake, usiubebeshe vijana walioingia juzi.

Sasa upande wako, maana nisingekuwa mkweli ningekwambia huna lako ndani ya hili. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu waliovuka miaka 40, wakiulizwa maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Muziki wa miaka ile unakaa pamoja na mapenzi ya kwanza na mshahara wa kwanza. Albamu yoyote itakayotoka leo, hata ikiwa bora, inaingia kwenye ubongo ambao hauna tena chumba cha namna hiyo. Mkeo ana kipande cha ukweli. Halafu kuna chujio: redio iliendelea kupiga nyimbo kumi nzuri za bendi yako kwa miaka arobaini, zile arobaini za kawaida zikasahauliwa. Nilizipiga nyimbo za kawaida, nyingi sana, na leo hakuna anayeziomba. Kwa hiyo unalinganisha nyimbo zilizotoka mwezi jana na zilizochaguliwa na wakati.

Na mazoea yana nguvu kuliko tunavyokubali. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huvipenda zaidi vitu walivyokutana navyo mara nyingi, hata visipokuwa na maana yoyote kwao. Zile za zamani umezisikia mara elfu. Hizi umezisikia mara mbili, mara moja ndani ya gari linalounguruma na mara moja kwenye simu. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Maana yake hujaisikia vizuri besi ya albamu hii bado, na dansi bila besi ni nyumba bila msingi.

Flashi yenyewe pia iangalie. Iweke kwenye kompyuta uone ukubwa wa mafaili. Wimbo wa MP3 uliohifadhiwa kwa kiwango cha wastani huchukua takriban MB 1 kwa kila dakika, na wa kiwango cha juu huzidi MB 2. Ukikuta wimbo wa dakika sita una MB 2 au 3, umekamuliwa kupita kiasi, na kilichokwenda kwanza ni ule mng'ao wa ridhimu na matoazi. Kama ni hivyo, waombe bendi nakala nzuri kabla hujahukumu.

Uwezekano mmoja bado sijaugusa nao lazima niuseme: huenda albamu ni dhaifu tu. Hutokea kwa bendi kubwa. Watu wamechoka, mtunzi mkuu hayupo, fedha zimeisha studio zikiwa nusu. Namna ninayotumia kupima ni kuuvua wimbo nguo. Chukua wimbo mmoja, uimbe mwenyewe jikoni bila muziki wowote. Kama sauti yake inasimama na maneno yana jambo la kusema, basi wimbo upo, umevalishwa vibaya, na ukumbi unaweza kuuvalisha upya. Kama huwezi kukumbuka hata mstari mmoja baada ya kuusikiliza mara tano, basi hakuna wimbo, na hakuna tarumbeta ya kweli itakayouokoa. Sidhani utakuta nyimbo zote ziko upande mmoja.

Kwa hiyo ungefanya nini? Ningekuwa wewe, ningeiweka albamu pembeni wiki mbili kabisa. Halafu ningeazima redio yenye spika nzuri au visikizio vinavyofunika sikio, ningesikiliza nyimbo mbili tu kwa siku, nikimfuata mchezaji mmoja: leo besi, kesho ridhimu, keshokutwa mwitikiaji wa pili. Nimewafundisha wengi njia hii. Mtu akimfuata mpiga besi dakika tano, hasira hupungua kwa sababu amekutana na mtu anayefanya kazi.

Kisha ningerudi ukumbini. Hili ndilo ninalokusihi zaidi. Nyimbo zile zimeanza kupigwa sasa, na kama wahariri wa zamani mnasusa, zitahaririwa na nani? Wimbo wa dakika tatu na nusu unaweza kuwa wa dakika tisa kufikia mwisho wa mwaka, na huenda kuna kijana wa tarumbeta anayekuja siku za Jumapili tu. Wewe ukisimama kucheza kipande fulani, au ukikaa, unawaambia jambo ambalo prodyuza hakuweza kuwaambia.

Unaweza pia kumtafuta yule mpiga solo aliyehama, ujue anapiga wapi. Wapo watakaokuita msaliti. Achana nao, mkono ule ndio ulioupenda. Na kama baada ya yote hayo moyo bado haupo, unaruhusiwa kabisa kubaki na nyimbo za zamani na kuwaacha hawa waendelee na safari yao. Huna deni. Viingilio vya miaka yote hiyo umelipa.

Kuhusu kiongozi wa bendi, mwambie, lakini si mlangoni wala mbele ya vijana wake, na si kwa neno "mmeharibu". Neno hilo halimpi cha kufanya. Mwanamuziki anaweza kufanyia kazi maneno kama "wimbo wa tatu unakatika pale nilipotaka kucheza" au "natamani kusikia saksafoni ya kweli hata kwenye nyimbo mbili". Anza na kitu kimoja ulichokipenda kweli, na kama hukipati, subiri mpaka ukipate. Muulize pia albamu ilirekodiwa vipi. Huenda akakwambia walikuwa na siku nne tu za studio, na huo utakuwa mwanzo wa mazungumzo mengine, labda ya mashabiki kuchangia rekodi inayofuata wakipiga wote chumbani. Kumpigia mpulizaji mmoja hesabu ya siku mbili si mlima.

Mawili ya mwisho yanahitaji mtu wa kukuona ana kwa ana, si mimi. La kwanza ni masikio. Umekaa kumbini miaka mingi. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huhesabiwa salama kwa saa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Fanya jaribio: piga wimbo wa zamani unaoujua vizuri kwenye redio ileile. Kama nao umekuwa butu, kama matoazi hayasikiki, kama herufi za s na f kwenye maneno zinapotea, au nyumbani wanalalamika unaweka televisheni juu, au masikio yanavuma usiku, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo ukapimwe usikivu. Pengine ni nta tu, na inaondolewa hospitali, usijichokoe kwa kijiti cha pamba. Ila sikio moja likipoteza usikivu ghafla, usingoje wiki iishe, nenda siku hiyohiyo.

La pili umelisema kwa kupitia, kwamba ukumbini hukanyagi tena. Kama ni hasira ya bendi, itapita. Kama na chakula hakina ladha, usingizi umekwenda, na mambo mengine uliyoyapenda hayakuvuti kwa wiki mbili au zaidi, zungumza na mkeo kwanza, halafu mwone daktari mweleze kama ulivyonieleza mimi. Msiba wa mwimbaji unaweza kufungua misiba mingine iliyokuwa imelala.

Ukirudi ukumbini, usikae mbele ya spika kama zamani. Kaa upande wa mpiga ridhimu, karibu na ukuta, uone mkono wake wa kulia. Angalia saa wimbo wa tatu wa albamu ukianza na ukimalizika, halafu niandikie ulikwenda dakika ngapi.